Antena Iliyotazama Mashariki

Kila asubuhi mtaa wa Yoba, mjini Gitega, uliamshwa na msumeno wa Nazario. Nazario alikuwa seremala. Alitengeneza meza, vitanda na milango, na alianza kazi kabla jirani zake hawajanawa uso. Mkewe, Emerensiana, alikoka moto na kupika uji. Uji ukiiva, wote wawili waliingia ndani kumwamkia mama yake Nazario.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnaendelea kunificha humu ndani?"

Ndivyo alivyojibu siku zote. Jina lake Gaudensia. Miguu yake ilikuwa inavimba, kwa hiyo alishinda kitini karibu na dirisha. Zamani, wakati wa vita, aliikimbia Burundi akiwa na Nazario mgongoni. Wakaishi Ulyankulu, nchini Tanzania, mpaka kichwa chake kikajaa mvi. Amani ilipopatikana, familia ikarudi. Kwanza walikwenda Buraza, kijijini kwao. Gaudensia hakumkuta hata mtu mmoja aliyemjua kwa sura. Basi wakahamia mjini, ambako seremala hakosi kazi.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na wimbo mmoja tu. "Nirudisheni Ulyankulu."

"Mama, kwetu ni hapa," Nazario alimwambia.

"Kwetu wapi? Mimi hapa simjui mtu, na watoto wenu ni wageni. Jeska hajui hata kusalimia kwa Kirundi. Wenzake wanamcheka. Mti usioshika udongo utaitwaje mti? Nirudisheni kwa watu wanaonijua, wanizike wao."

Maneno hayo yalimuuma Nazario. Baba yake alikuwa amefia Tanzania, na mama ndiye mzazi pekee aliyebaki. Safari ilikuwa ndefu, na ile miguu haikuwa ya safari. Aliogopa kwamba akimwacha aende, hatamwona tena.

Jeska alikuwa binti yake mkubwa. Alisoma Muyinga, na aliishi huko kwa Yakobo, binamu yake Nazario. Jumatano moja akapiga simu, anahema kwa furaha.

"Baba! Kwaya yetu ya shule imepigwa picha na watu wa televisheni! Watatuonyesha Jumapili alasiri. Na mimi ndiye ninayeanzisha wimbo. Wimbo wa Kirundi!"

"Wa Kirundi? Wewe?"

"Mimi mwenyewe, baba!"

Nazario alikimbia ndani akiwa na vumbi la mbao kichwani. Akamweleza mama yake. Gaudensia akamtazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa.

"Jeska aimbe Kirundi? Labda anafungua mdomo tu, wenzake ndio wanaoimba."

"Basi ngoja Jumapili, uone mwenyewe."

Mama akafikiri. "Haya. Jumatatu lori la Sebastiani linakwenda mpakani, Kobero. Nimeshaongea naye. Nikimwona Jeska na kumsikia, tutazungumza. Nikikosa kumwona, napanda lori. Na usinililie."

Sasa, televisheni ilikuwepo. Yakobo alikuwa amenunua mpya, akampa Nazario ile ya zamani pamoja na antena yake ya nje. Vyote vilikaa nyuma ya rundo la mbao, maana Nazario hakuwa amepata nafasi ya kuvishughulikia. Siku hiyo nafasi ilipatikana mara moja. Akampigia Yakobo.

"Antena naielekeza wapi?"

"Jua linapotoka," Yakobo akajibu bila kufikiri. "Yangu hapa Muyinga inaangalia huko, na ninapata picha safi kabisa. Nakamata mpaka stesheni za Tanzania!"

Nazario akafurahi. Jua linapotoka hata mtoto anapajua. Akafunga antena kwenye mti mrefu, akausimamisha mbele ya nyumba, akaielekeza mashariki. Akaiwasha televisheni. Ilitoa kelele ya mvua juu ya mabati, na kioo kizima kikajaa chenga.

"Labda imekufa njiani," Emerensiana akasema.

Nazario hakuwa mjinga. Kosa lake ni kwamba aliwaamini watu wote, tena kwa siku moja. Matata, mwendesha baiskeli ya abiria, alipita akasema, "Iko chini sana. Pandisha juu." Nazario akaunga mti mwingine, akapandisha. Chenga. Kasiano, mwashi wa mtaa, akasema, "Weka kifuniko cha sufuria nyuma yake. Picha ikigonga pale itarudi mbele." Nazario akachukua kifuniko cha Emerensiana, akakifunga kwa waya. Chenga, na maharage ya jioni yakaiva yakinuka moshi. Mtu wa tatu, ambaye Nazario hata hakumjua, akasimama njiani akasema, "We unahitaji busta. Bila busta haupati kitu."

Nazario akakaa juu ya mbao zake, kichwa mikononi. Apandishe au ashushe? Aongeze kifuniko au akitoe? Televisheni ni mbovu, au antena, au yeye? Dirishani mama yake alikuwa anahesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka Jumatatu.

Ijumaa akaenda sokoni kutafuta busta. Kwenye duka la kwanza, muuzaji alimwonyesha antena ndogo ya kuweka juu ya meza. Ilikuwa na taa nyekundu zinazowaka na kuzima.

"Chukua hii, mzee. Inakamata dunia nzima."

Nazario alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni. Mara akasikia sauti ya kike nyuma yake.

"Baba Jeska! Unatafuta nini huku?"

Alikuwa Kadidja, jirani yake wa Yoba, ambaye wengi humwita Mama Layla. Meza yake ilikuwa hatua chache kutoka pale. Mumewe, Othmani, alitengeneza redio. Kadidja aliuza nyaya na antena, na ndiye aliyezifunga. Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko Burundi, kimechanganyika na Kifaransa. Daima alivaa suruali chini ya kitenge, ili akiitwa kupanda paa asihangaike. Nazario alikuwa amemwona juu ya mapaa ya watu mara nyingi, lakini hakuwahi kuwaza kumuuliza. Alidhani kufunga antena ni kupigilia misumari tu, na misumari ni kazi yake.

"Nataka busta, Mama Layla. Napata chenga tupu."

"Chenga tupu? Hata kivuli ya mutu hauoni?"

"Hata kivuli."

Kadidja akatikisa kichwa. "Bon. Sikia. Busta iko kama kipaza sauti. Mutu akisema polepole, inakuza sauti yake. Mutu akinyamaza, itakuza nini? Kama antene yako haikamati kitu, busta itakuza chenga."

"Basi ninunue hii ya taa?"

"Ile ni ya kukaa ndani. Iko muzuri kwa mutu mwenye anakaa karibu na munara. We uko mbali, na juu yako kuna mabati. Picha itapita wapi?" Akamshika mkono wa shati, akamtoa dukani. "Usinunue kitu leo. Kesho mi nakuja kuona kwanza. Kuona hakuna bei."

Jumamosi mchana Kadidja akafika, ana mfuko wa vyombo begani. Akamsalimia Gaudensia dirishani. "Amahoro, mama muzee." Kisha akasimama uani, mikono kiunoni, akaangalia juu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Emerensiana naye akacheka bila kujua anacheka nini.

"Baba Jeska, we uko unatafuta televisheni ya nani?"

"Ya taifa. Ya hapa kwetu."

"Ona antene za batu bote. Ziko zinaangalia wapi?"

Nazario akatazama. Paa la Matata. Paa la Kasiano. Paa la shule. Antena zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja, magharibi, kwenye milima ambako jua huzama. Yake peke yake ilikuwa imewapa wenzake mgongo.

"Lakini kwa Yakobo wa Muyinga, aliyenipa hii, inaangalia mashariki, na anakamata mpaka Tanzania!"

"Yakobo anakaa Muyinga, karibu na mupaka. Anatafuta stesheni za Tanzania, donc anaangalia Tanzania. Sisi huku tunapata picha kutoka munara yenye iko kwa milima ile. Antene inaangalia munara yake. Haiangalii jua, haiangalii kwenye ulitoka."

Nazario akaona aibu. Siku zote alimwambia mama yake kwamba kwao ni hapa. Kumbe mbele ya nyumba yake alikuwa amesimamisha kitu kinachotazama Tanzania usiku na mchana!

"Basi naigeuza sasa hivi," akasema, akaanza kupanda ngazi.

"Polepole! Shuka. Hata ukigeuza, haitatosha." Kadidja akaonyesha vijiti vya antena kwa kidole. "Antene haziko sawa zote. Hii ya Yakobo iko na vijiti vifupi tu. Inakamata stesheni zenye anataka yeye. Stesheni ya taifa yenye tunapata hapa inataka antene ya vijiti virefu. Ona ya Matata. Unaona vile iko mukubwa?"

"Naona. Mtu atajuaje anunue ipi?"

"Kabla ya kununua, ingia kwa jirani mwenye anaona muzuri. Uliza: anapata stesheni gani? Antene yake iko ya namna gani? Inaangalia wapi? Hapo hautapotea. Mi niko na moja ya vijiti virefu. Nipe hii ya Yakobo, nitapata mutu wa Muyinga wa kumupa. Na we utanitengenezea meza ya soko, ile yangu imechoka."

Wakakubaliana, na Layla, binti wa Kadidja, akatumwa kuileta. Lakini Kadidja hakuwa amemaliza. Akauangalia ule mti ulioungwa, kisha akaangalia barabarani. Nyaya za umeme zilipita karibu sana. Uso wake ukabadilika.

"Nani aliweka huu muti hapa?"

"Mimi."

"Ukianguka, utaangukia wapi?"

Nazario akapima kwa macho. Mti ungeangukia moja kwa moja juu ya nyaya. Emerensiana akaziba mdomo. Juzijuzi tu mumewe alikuwa ameushika mti ule kwa mikono miwili, akiutikisa huku na huku.

"Mungu alikulinda," Kadidja akasema taratibu. "Muti wa antene unasimama mbali na umeme. Hata ukianguka wote, usifikie waya. Toa."

Wakautoa. Nyuma ya nyumba, mbali na barabara, wakasimamisha bomba la chuma na kulifunga ukutani kwa vyuma na skrubu. Hapo Nazario alikuwa fundi kweli, na Kadidja alimwachia. Kisha akaukagua waya wa antena. Nazario alikuwa ameunga vipande vitatu na kuvifunga kwa mfuko wa plastiki.

"Hapa maji inaingia, na picha inatoka," Kadidja akasema. "Waya iwe moja, kutoka antene mpaka televisheni. Na kabla ya kuingia dirishani, iache ining'inie chini kidogo, hivi. Mvua ikinyesha, maji itadondoka inje. Haitafuata waya mpaka kwa televisheni."

Akaunganisha pia waya mwingine mnene kutoka kwenye bomba hadi kwenye chuma walichokizika ardhini, kwa ajili ya radi. Walipotaka kupandisha antena, mawingu meusi yalikuwa yameshafika. Radi ikalia upande wa kanisani. Kadidja akakusanya vyombo.

"Nimemaliza kwa leo."

"Mama Layla, tafadhali! Jumapili ni kesho!"

"Radi ikilia, hakuna mutu kwa paa. Ukikufa leo, kesho nani atamuonyesha mama yako Jeska? Ile waya ya ardhini inasaidia, mais haifukuzi radi. Kila siku mvua ya radi ikianza kukaribia, toa plagi ya televisheni, toa na waya ya antene. Kesho saa sita nakuja."

Jumapili, Nazario alirudi kutoka misani mbio. Saa sita ikafika, Kadidja hakuonekana. Layla alikuja na ujumbe: mama yake alikuwa ameitwa msibani, angechelewa kidogo. Antena mpya ilikuwa imelala uani. Nazario akaitazama. Akalitazama jua. Akamtazama mama yake, ambaye tayari alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na kuketi mbele ya televisheni.

"Emerensiana, nishikie ngazi."

"Mwenzangu, si umsubiri?"

"Tukisubiri, kwaya itapita."

Mbingu ilikuwa safi. Akapanda. Safari hii alikuwa na uhakika: magharibi, kwenye milima. Upande mmoja wa antena ulikuwa na vijiti vifupi, upande wa pili virefu. Nazario akawaza: picha inakuja kubwa, basi mdomo mpana ndio uikamate. Akaelekeza vijiti virefu kwenye milima, akakaza skrubu.

"Mama, unaona?"

"Chenga!" Gaudensia akajibu kutoka ndani. Kisha akaongeza, "Na chenga nazijua, hata Ulyankulu zilikuwepo."

Nazario akahisi machozi yakimjia, mtu mzima juu ya paa. Antena ilikuwa mpya. Waya ulikuwa mmoja. Upande ulikuwa ule ule wa watu wote. Sasa kosa liko wapi tena? Hakuelewa kitu.

"Baba Jeska!" Kadidja alikuwa anaingia uani, anahema. "Mbona imegeuka nyuma?"

"Inaangalia magharibi!"

"Imekaa magharibi, ndiyo. Mais iko inaangalia mashariki! Vijiti vifupi njo mbele yake. Vile virefu njo mugongo. Geuza. Na vilale sawa, kama vya Matata."

Basi hata ilipokuwa upande wa kweli, ilikuwa bado inatazama Tanzania! Akalegeza skrubu, akaigeuza. Kadidja akasimama kwenye kona ya nyumba, ili asikike paani na ndani.

"Sogeza kidogo, simama, uliza. Usizungushe kama feni. Mama muzee, we njo utatuambia!"

Mama akasogeza kiti mbele.

"Bado!" akaita. Nazario akasogeza. "Bado! Ngoja. Kuna mtu! Namwona mtu!"

Emerensiana akapiga kelele. Nazario nusura aiachie antena.

"Lakini kila mtu ana pacha wake," Gaudensia akaendelea. "Mmoja anasema, mwingine yuko pembeni yake anamwiga."

"Hiyo ni picha inakuja mara mbili, inagonga kilima na inarudi," Kadidja akasema. "Kidogo tena, kushoto."

"Umepita! Rudi. Rudi kidogo. Hapo! Sasa mtu ni mmoja. Nazario, ukigusa tena nitakuchapa!"

Nazario akakaza skrubu kwa nguvu zake zote, akafunga waya kwenye bomba ili upepo usiupige, akashuka. Alikuta chumba kimejaa. Matata alikuwepo, na Kasiano pia, wakiwaeleza watu jinsi walivyosaidia. Nazario akawaacha waseme.

Habari zikaisha. Wakatokea wasichana wa shule, mashati meupe, wamepanga mistari. Mbele yao alisimama mmoja mwembamba. Akafunga macho, akaanza peke yake.

"Ni Jeska," Emerensiana akanong'ona.

Aliimba kwa Kirundi. Hakukosea. Maneno yalitoka marefu na mafupi pale yanapotakiwa, na wenzake wakamjibu kwa sauti iliyojaa chumba. Hakuna aliyecheka. Nazario hakuangalia televisheni. Alimwangalia mama yake, na hakuweza kuusoma uso wake. Midomo ilikuwa inacheza. Amekasirika? Anaumwa? Anasali? Wimbo ukafika mwisho.

"Mama?"

"Ametamka kama watu wa Buraza," Gaudensia akasema. "Muyinga hawasemi hivyo. Gitega mjini hawasemi hivyo. Nani kamfundisha?"

Emerensiana akapiga magoti karibu na kiti. "Ni wewe, mama. Si ulikuwa unasali kwa Kirundi kila jioni, naye amekaa pajani kwako? Alikuwa anaona haya kusema tu. Maneno alikuwa nayo."

Gaudensia akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akamgeukia Kadidja.

"Na Buraza wanaiona televisheni hii?"

"Wenye kuwa na antene, wanaona, mama muzee."

"Basi wamemwona. Wamemsikia anasema kama wao, na sasa hivi wanaulizana huyu binti ni wa nani." Akamshika Nazario mkono, akauminya. "Kamwambie Sebastiani lori lake liende. Wewe kesho nitafutie gari la Buraza. Nitawaambia mimi mwenyewe."